Zawadi ya Dakika Tano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jiografia, na karibu yote hiyo akiwa amesimama mlangoni, mwalimu wetu Bi Kizingiti anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kamati ya maagano imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu maabara yangu ya kemia inapakana na darasa lake. Wamesema mimi ndiye jirani, namjua vizuri. Kweli namjua, hasa kelele za mstari wake.

Jina la Kizingiti alipewa na wanafunzi, naye akalipokea bila kinyongo. Kila mwalimu hapa huingia darasani, akawakuta wanafunzi wameketi, akaanza kazi. Yeye hapana. Akifika huwatoa wote nje, wajipange mstari barazani, kisha husimama kwenye kizingiti na kuwaingiza mmoja mmoja. Kila mmoja humpa mkono, humwita kwa jina na kumuuliza swali lile lile: amekujaje leo. Mtoto anaweza kujibu kwamba yu mzima. Bi Kizingiti huwa ameshajibiwa na uso.

Hapo ndipo somo lake linapoanza. Aliyekuja amenuna hupewa kazi ya kufungua madirisha, apate sababu ya kuzunguka kidogo hasira ipoe. Waliogombana wakati wa mapumziko hukalishwa mbali bila kutangaziwa kosa. Mwenye njaa hufahamika, na mwenye msiba nyumbani hufahamika mapema zaidi. Hajawahi kubishana na mwanafunzi mbele ya wenzake, kwani anaamini kwamba mtoto mwenye watazamaji hakubali kushindwa. Humwambia tu kwa sauti ya chini kuwa wataongea mlangoni, na huko mlangoni wengi wao huomba radhi kabla hajasema neno.

Sauti yake nayo ina sifa zake. Walimu wageni wakimuuliza kwa nini haipazi, huwaambia kwamba wanafunzi ni arobaini na wana mapafu mapya, sasa mtu wa umri wake atashindana nao kwa lipi? Darasa likichangamka kupita kiasi, yeye hushusha sauti hadi walio nyuma waanze kuwanyamazisha walio mbele. Nimejaribu mbinu hii katika kemia. Walio nyuma walilala.

Msidhani kila kitu kilimwendea sawa. Muhula mmoja ratiba ilibadilishwa wakati wa likizo, naye hakuitazama. Akaja kwenye maabara yangu, akawatoa wanafunzi wangu, akawasalimia wote, akawaingiza na kuanza kuwafundisha mito. Wanafunzi hawa hawa wanaonibishia hata tarehe ya leo hawakusema kitu. Nilipofika niliwakuta wametulia tuli kama maji ya mtungini, wanachora delta. Ningefanyaje? Niliketi benchi la nyuma nikajifunza mito mpaka kengele ilipolia. Alipogundua kosa lake aliniomba radhi, kisha akanisahihishia mchoro wangu.

Mwenzake wa ubishi kwa miaka yote hiyo amekuwa mwalimu wa nidhamu, mwenye filimbi shingoni. Yeye huamini katika methali moja, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na alijiona yeye ndiye ulimwengu wenyewe. Mistari ya Bi Kizingiti aliiita upotevu wa muda. Bi Kizingiti alimjibu kwamba hata huo ulimwengu una mlango, na mtoto akiupita bila kusalimiwa ataupiga teke. Walibishana hivyo kila siku wakati wa chai, na asipokuja mmoja, mwenzake hunywa chai bila raha.

Lakini kuna mwaka ubishi ule haukuwa wa kucheka. Tulikuwa na Kidato cha Tatu D, darasa lililomtoa machozi mwalimu wa hesabu na kumhamisha mwalimu wa historia. Kiongozi wao alikuwa binti tuliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Mkuu wa shule alifikiwa na maji shingoni. Kwa ushauri wa mwenye filimbi, akaamua kulivunja darasa lile, wanafunzi watawanywe katika mikondo mingine, na Redio arudishwe kwao moja kwa moja. Bi Kizingiti aliomba aachiwe darasa hadi mwisho wa muhula. Mkuu akakubali kwa shingo upande, akaweka sharti kwamba fujo moja tu, basi.

Alichofanya kilitushangaza. Alimsimamisha Redio mlangoni, bega kwa bega naye, awasalimie wenzake. Siku za kwanza binti aliona ni adhabu. Baadaye alianza kumnong'oneza mwalimu kwamba fulani amekuja vibaya leo, na alikuwa hakosei. Maneno yake yote yale yalikuwa yamepata kazi.

Kisha Bi Kizingiti akaugua, sauti ikakauka kabisa, daktari akamlaza nyumbani. Tatu D wakabaki bila mwalimu. Mkuu wa shule alisikia vishindo vya viti darasani mwao, akashuka ngazi akiwa ameshafanya uamuzi wake. Alikuta mstari. Redio yuko kwenye kizingiti, anawaingiza wenzake mmoja mmoja, na ndani hakuna mtu mzima hata wa dawa. Mkuu akaja mpaka mbele na hasira zake usoni. Binti akampa mkono, akamuuliza, "Shikamoo Mkuu. Umekujaje leo?"

Mkuu mwenyewe ndiye aliyetusimulia, na kila akisimulia huishia hapo, akavua miwani. Alisema hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa swali hilo na mtu aliyekuwa akingoja jibu. Aliingia, akafundisha kipindi kile yeye, na Tatu D haikuvunjwa. Redio leo ni muuguzi. Nasikia hachomi mtu sindano kabla hawajasalimiana.

Nyumbani kwake mambo ni yale yale. Mumewe, fundi seremala, anatuambia kwamba wajukuu huingia sebuleni kwa mstari, na kwamba yeye mwenyewe, mzee mzima, husalimiwa mlangoni kabla ya kuonyeshwa chakula. Analalamika huku akitabasamu, kwa hiyo tumeamua kutomhurumia.

Sasa tufike kwenye zawadi. Kamati ilimwendea kumuuliza anataka nini, makochi au friji. Alisema nyumba yake imejaa, na mume fundi seremala hanunuliwi makochi. Anachotaka ni dakika tano kati ya kipindi na kipindi, kwa kila mwalimu, ili watoto watoke, wanyooshe miguu na waingie upya. Yeye alikuwa akizikata kwenye somo lake. Aliogopa kwamba akiondoka, hakuna atakayekubali kuzikata kwenye la kwake, na mlango ungefungwa nyuma yake.

Kikao cha walimu kilikuwa kizito. Mwalimu wa taaluma, ambaye ratiba kwake ni kama mboni ya jicho, alionyesha wazi kwamba dakika hizo zingewachelewesha watoto kurudi makwao. Tukakwama. Bi Kizingiti alikuwa akikunja na kukunjua leso yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa na hofu.

Aliyenyanyuka ni mwalimu wa nidhamu. Alisema kuna muda mrefu unaotumika kila asubuhi kwa matangazo yake ya paredi, na kwamba kwa maoni yake binafsi matangazo hayo hayasikilizwi na mtu. Kikao kilivunjika mbavu kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliomba muda wote huo ugawanywe milangoni, akaketi, akaiweka filimbi yake mfukoni. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tukapiga kura kwa mikono miwili. Ratiba mpya inaanza Jumatatu.

Mwalimu, tunakushukuru kwa watoto wetu, na zaidi kwa sisi wenyewe uliotulea bila kututangaza. Pumzika vyema, afya ikuandame, na mzee wa nyumba aendelee kulalamika kwa tabasamu miaka mingi. Ombi moja limebaki. Ijumaa ukifika ukumbini utaambiwa usubiri nje, na usikasirike. Mwenye filimbi ameomba asimame mlangoni yeye. Atakupa mkono, atakuuliza umekujaje leo, na sote tutakuwa ndani tumenyamaza, tunangoja jibu.