Mbwa Anayekonyeza

Ndani ya basi la kwenda Mapo, Bibi Ok-bun, aliyebandika kitambaa kwenye jicho la kushoto, alikaa na binti asiyemjua. Mkobani mwa binti alichungulia mbwa mwenye pua bapa, jicho moja amelifumba.

"Bibi, muone Hodu anavyokonyeza! Tangu juzi. Watu elfu tisa wamempenda mtandaoni."

"Anakonyeza nini? Jicho linamuuma huyo!"

"Machozi tu, bibi. Namtilia dawa yangu ya macho."

"Dawa yako! Hebu niondolee upuuzi. Mkoba wa kumbebea umemnunulia, utepe wa hariri umemfunga, daktari wa macho wa wanyama ndiye aliyekushinda? Mbwa akifumba jicho hivyo anapelekwa siku hiyohiyo, si kupigwa picha!"

Binti akabetua midomo. "Kwani bibi ni daktari?"

"Mimi nilikonyeza hivyohivyo wiki nzima." Ok-bun akafunua kitambaa. Ndani hamkuwa na jicho. "Tena hakuna aliyenipenda."

Binti akanywea. Basi likasimama, Ok-bun akashuka, akidhani maneno yamemwingia.

Kwa sheria ya nchi yetu, simu hazijui kupiga picha kimyakimya. Kabla mlango haujafungwa, Ok-bun akaisikia ya binti nyuma yake, ikimpiga Hodu picha nyingine: kacha!