Kona Uliyonipanulia

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, msichana alikuwa amepakata kikombe cha ushindi kama mtoto wa watu. "Mjomba, ile kona ya mwisho umenipanulia," akamwambia mwanamume aliyeketi kando yake.

Nilidhani wanagombania mpaka wa shamba. Kumbe ni mashindano ya kuendesha magari kati ya koni za plastiki zilizopangwa uwanjani, na mjomba ndiye mpangaji wa koni.

"Nimewapanulia wote," akasema mjomba.

"Wenzangu wana vigari vidogo. Gari lenye pua ndefu ni langu tu, na mwaka jana niligonga koni palepale."

"Ukalia wiki nzima. Ningefanyaje?"

"Ungeniacha nijifunze."

Basi likasimama. Msichana akamwekea kikombe mapajani. "Rudisha koni zilipokuwa. Nikipita bila kugonga, nitakuja kukichukua."

Akashuka. Mjomba akabaki amekipakata, naye pia kama mtoto wa watu.