Miaka Thelathini na Moja ya Baba Choolwe, na Shafti Iliyolala Nyumba Mbili

Bwana Elija Hamanyanga, ambaye karibu wote hapa Hamusokwe tunamwita Baba Choolwe, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Februari, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Hiyo miezi minne ya mwisho ndiyo iliyomzeesha. Kamati imeniomba niandike mimi, dereva wa trekta, kwa kuwa nilikuwa naye katika miezi hiyo, na imeniambia niandike mazuri tu. Nitajaribu.

Alianza kwenye josho, akiswaga ng'ombe waingie kwenye dawa ya kupe. Ulipokuja mwaka ule kupe walipomaliza maksai wetu na josho likabaki dimbwi la vyura, wenzake wengi walikwenda Livingstone kutafuta kazi. Yeye alihamia kwenye nyumba ya mashine ya kusaga, akamwomba fundi wa wakati huo amfundishe, naye atamlipa kwa kufagia pumba. Baada ya miaka mitatu fundi yule aliondoka, na tangu hapo hakuna kinachozunguka Hamusokwe ambacho hakijapita mikononi mwa Baba Choolwe: mashine ya kusaga, pampu mbili, mashine ya kupukuchua mahindi, na baiskeli za walimu wote.

Mkanda wa mashine ya kusaga ulipokatika katikati ya msimu, na mji mzima wa Monze haukupatikana mwingine, alishona mkanda wa ngozi ya fahali, ukasaga siku kumi na tisa. Unga ulinuka ng'ombe kidogo. Watu wa huku hawakulalamika.

Karakana yake ina sheria mbili. Huazimi spana namba kumi na saba, na humwiti fundi saa nne asubuhi. Saa nne ni saa ya chibwantu, na akishashika kile kikombe chake cha bati cha togwa ya mahindi, hata ghala liungue atakuambia subiri nimalize.

Sasa nije kwenye trekta. Mungu anipe uvumilivu.

Trekta lilifika Oktoba, dogo, jipya, kiti bado kimevaa nailoni. Tulilinunua kwa ajili ya vile viplot, vishamba vidogo vya akina mama, ambavyo matrekta makubwa ya kukodi hayaoni faida ya kugeuzia. Lilikuja na jembe la kuzunguka, lile lenye visu vinavyosaga udongo, na kati ya trekta na jembe kuna shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini nyuma. Basi kabla trekta halijalima hata mstari mmoja, mkutano ulikaa. Mnadhani tulijadili namna ya kulitunza? Tulijadili namna ya kuzuia lisilimie watu kwa siri. Tuliwahi kuchomwa: pampu ya ushirika ilikuwa inamwagilia bustani ya shemeji wa mtu kila Jumapili wakati sisi tuko kanisani. Mtu mwenyewe simtaji. Anajijua.

Baba Choolwe akasimama, kifua mbele. "Shafti hii ni vipande viwili vinavyoingiana," akasema. "Kila jioni tuichomoe. Kipande cha nje kilale kwa mwenyekiti, cha ndani kilale kwa mweka hazina. Anayetaka kuiba trekta, labda aoe nyumba zote mbili."

Watu walipiga makofi. Ni kama lile sanduku la akiba la akina mama lenye kufuli tatu, kila mmoja na ufunguo wake. Hata mimi nilipiga makofi, na mkumbuke hilo.

Siku ya tatu ya kazi trekta likaanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa mashine inayofanya kazi, hilo tunalijua. Hili lilikuwa tetemeko la kugonganisha meno na kufungua kilemba, na usukani ulinitia ganzi mpaka viwikoni. Nilikuwa nimeweka chupa ya mabisi chini ya kiti, maziwa mgando ya kula na nshima, ugali wetu, mchana. Nilipoifungua nikakuta siagi. Sitanii.

Kesho yake, kimya. Keshokutwa, kimya. Siku iliyofuata, meno tena. Ukienda kulishtaki, limetulia kama mbuzi aliyeshiba. Ukirudi shambani kwa amani, linakurusha.

Baba Choolwe alianza na tairi. Alikuta upepo umejazwa kupita kiasi, ule wa kusafirishia, ambao muuzaji alipaswa kuupunguza kabla ya kutukabidhi. Akaupunguza, barabarani likawa laini, lakini shambani halikubadilika. Akakaza bolti zote. Akakagua mipira inayobeba injini. Akafungua visu vya jembe kimoja kimoja, akavipeleka dukani akavipima kwenye mizani ya sukari, kisu kwa kisu, huku mwenye duka akimwuliza kama anauza kwa kilo. Vyote sawa. Akavirudisha. Kesho yake nikala meno yangu.

Mtu wa kampuni iliyotuuzia alikuja mara mbili, na mara zote mbili, bila shaka, trekta lilikuwa limetulia. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa wa kichwa. "Mama, trekta jipya lina tabia zake. Utalizoea."

"Nimezoea mume," nikamwambia, "nimezoea mtoto asiyelala. Hili sitalizoea."

Aliandika kwamba trekta ni zima, akaondoka.

Hapo ndipo kamati ilipopata akili yake. Walimwita Bwana Munkombwe, anayeendesha gari la kubebea magunia, ajaribu trekta asubuhi moja. Likatulia. Mweka hazina wetu, Bwana Siachitema, akageuka akatutazama sote kama aliyepiga goli. "Mnaona? Mtu ametoka kujifungua juzi, mifupa haijafunga. Trekta linamsikia."

Nawauliza wanaume waliozaa watoto wengi: mifupa ya mzazi inaingiaje kwenye jembe?

Ilitayarishwa karatasi. Kwamba mtetemeko unatokana na uendeshaji, kwamba dereva atarudishwa kupima magunia ghalani, na kiti atapewa Bwana Munkombwe. Ilibaki sahihi ya fundi mkuu. Mimi kile kiti nilikipata kwa mtihani, mbele ya wanaume watano, mimba ikiwa ya miezi miwili na hakuna aliyejua. Ghalani nilishakaa miaka minne.

Baba Choolwe aliisoma karatasi pole pole, akaikunja, akaweka kikombe chake cha chibwantu juu yake.

"Naweka sahihi kwenye kitu nilichokiona," akasema. "Hapa nimeona nini? Nimeona trekta limetulia asubuhi moja."

"Baba Choolwe, umebakiza miezi michache," Bwana Siachitema akambembeleza. "Tia sahihi, ukapumzike."

"Nikalale juu ya mgongo wa mtoto wa watu? Usingizi utakuja? Nipeni mpaka Ijumaa."

Walimpa, kwa kunung'unika. Kesho yake alitupandisha wote wawili asubuhi ileile, plot ileile, bila kuchomoa chochote katikati. Likatulia kwa Munkombwe, likatulia kwangu. Siku iliyofuata tena: likamtetemesha Munkombwe mpaka akashuka anashika kiuno, likanitetemesha na mimi. "Halibagui," Baba Choolwe akasema, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Ningedhani kamati itaniomba radhi. Thubutu! Wakasema basi tatizo ni trekta lenyewe, lirudishwe, na likirudishwa dereva wa nini? Arudi ghalani. Njia zote zilikuwa zinakwenda ghalani. Na mvua ilishaanza, akina mama kumi na mmoja wamesimama kwenye viplot vyao na mbegu za karanga mikononi.

Ijumaa ikafika. Asubuhi trekta lilikuwa limetulia kabisa. Nililima plot mbili. Saa tano mwenyekiti wetu, Mama Luyando, akapata habari ya msiba kwa shangazi yake. Sheria ni sheria, na hakujua kama angerudi kabla ya jioni. Alikuja shambani, akachomoa kipande chake cha shafti, akakifunga kwenye chitenge, akaondoka nacho msibani. Nasikia waombolezaji walimwacha akae peke yake, wakidhani ameleta silaha kwa ajili ya ugomvi wa urithi. Saa tisa alirudi, macho mekundu, akatukabidhi chuma, tukakiunga, nikawasha.

Meno.

Baba Choolwe alikuwa anatembea nyuma ya jembe. Akainua mkono. "Zima!"

Nikazima. Alisimama pale, midomo inacheza. Udongo ni uleule, mafuta ni yaleyale, dereva ni yuleyule, siku ni ileile. Kitu gani kimeondoka hapa kikarudi? Akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye matope na shati lake la kazini alilolipiga pasi, akaitazama shafti. Halafu akacheka kicheko kimoja kifupi, kisicho na furaha hata chembe.

Niwaeleze alivyonieleza. Kila kipande cha shafti kina uma wenye masikio mawili. Vipande vikiunganishwa, masikio ya uma huu na ya uma ule lazima yaelekee upande mmoja. Yakipishana, shafti huzunguka kwa kuruka, haraka, taratibu, haraka, taratibu, na jembe na trekta na mtu juu yake wote huruka nayo. Chuma chetu kina pembe nne. Kinaweza kuingia kwa namna nne, mbili sawa na mbili mbovu. Kila asubuhi tulikuwa tunacheza bahati nasibu, kwa makini kabisa, mbele ya mashahidi wawili wa kamati.

Alichomoa, akageuza robo, akasukuma. "Washa."

Likatulia. Mwanangu Chipego alikuwa amelala kwenye mkeka ukingoni mwa plot, na hakuamka.

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Baba Choolwe alikuwa anajifuta matope bila kunitazama. "Mama Chipego," akasema, "hili si la trekta. Wala si lako. Ni langu."

Wasomaji, fikirini. Tulikuwa wawili tu. Angeweza kusema bolti ilikuwa imelegea, ameikaza, tumshukuru Mungu. Hakuna ambaye angejua, na angestaafu na miaka thelathini na moja safi kama sahani. Jumamosi aliingia kwenye mkutano ameshika vipande vyote viwili vya shafti, akavionyesha, akavigeuza, akaeleza. Halafu akasema:

"Wazo la kuichomoa lilikuwa langu. Fundi ninayejiita fundi nilipaswa kuweka alama siku ileile. Nilikuwa nafurahia makofi. Binti huyu ametetemeshwa wiki sita kwa sababu yangu, na nyinyi mlitaka kumwondoa kwa sababu yangu."

Niliona Bwana Siachitema anavuta pumzi, amepata la kusema. Lakini Mama Luyando ni mtani wa Baba Choolwe. Yeye ni wa ukoo wa fisi na Baba Choolwe ni wa ukoo wa tembo, na kwetu mtani ana haki ya kutangulia. Akasimama.

"Tembo!" akamwita. "Umechimba shimo, ukatumbukia mwenyewe, na sisi sote tukiwa mgongoni! Na mimi umenipeleka msibani na chuma kama mwizi wa reli. Pua yote hiyo, hukunusa?"

"Fisi," Baba Choolwe akajibu, "wewe ulipewa mfupa ukautunze. Nilijua tu utautafuna."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Na kwetu mtani akishasema, imekwisha; hakuna mwingine wa kulichimbua. Bwana Siachitema akairudisha pumzi yake alikoitoa.

Baada ya kikao Baba Choolwe aliomba ile karatasi ya kuniondoa. Wakampa. Alifungua kopo la rangi nyeupe, akaunga shafti sawasawa, akachora mstari mmoja mrefu kuanzia kipande cha nje mpaka cha ndani. Mstari ukinyooka, umepatia, ukikatika, umekosea. Halafu akaitumia ile karatasi kufutia brashi, pande zote mbili, mpaka ikaisha.

Mngedhani baada ya hapo tungeacha kuichomoa. Hatukuacha. Hatuaminiani kiasi hicho. Shafti bado inalala nyumba mbili, na akina mama wote kumi na mmoja walipanda kabla Novemba haijaisha.

Baba Choolwe, kwa niaba ya ushirika mzima, asante. Kwa mkanda wa ngozi, kwa pampu, kwa baiskeli, na kwa shati lako lililoharibika matopeni. Tumekununulia kiti chenye mto, tumekijaribu, hakitikisiki. Mama Choolwe, tunakurudishia mumeo, na saa nne asubuhi sasa ni shida yako. Mwende salama, ng'ombe wenu wazae, na magoti yake yasiingiwe na baridi.

Jumatatu iliyopita alinikabidhi lile kopo la rangi na brashi. "Mstari utafifia," akasema. "Ukififia usiite mkutano. Paka." Leo asubuhi nimepaka. Mstari umenyooka, Baba Choolwe. Nenda kapumzike.