Mapaja Yangu na Kesi ya Okito

Mheshimiwa Gavana, Docta Rémy mukubwa wa hospitali yetu, mapadri na mashehe, wageni mliotoka Lubutu kwa njia ile mnayoijua wenyewe, mama na baba wa Alunguli mliovuka mto asubuhi hii: jambo kwenu wote.

Naitwa Mwanahamisi, muuza mawese. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa siku hii ya kufungua rasmi chumba cha IRM, mashini inayopiga picha za nyama ya mwili kwa nguvu ya sumaku, ingawa sisi wengine tulishaingia humo wakati wa majaribio. Nimeambiwa nilete furaha. Nimeileta, ila imechanganyikana na kitu ambacho jina lake silijui.

Mwaka uliopita mapaja yangu yalianza kunikataa. Kutoka mtumbwini nilishikwa mikono kama bibi arusi. Nikisuka nywele za mjukuu, mikono inashuka yenyewe. Watu wakasema ni uzee, lakini mimi nilimjua aliyenifanyia, na leo amekaa pale nyuma, karibu na jenereta. Ni ndugu Okito, aliyekuwa jirani yangu kule kijijini Obokote.

Wakati wa vita askari walifika kwetu wakitafuta wabebaji. Okito akaninyooshea kidole, akasema, "Mwanahamisi iko na nguvu, anabebaka kupita wanaume." Je, hiyo nayo ni sifa? Nilibeba mawe ya kasiteriti, yale yanayotoa bati, mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hadi Lubutu, na nikarudishwa kubeba tena. Basi miguu ilipolegea, ningemtafuta nani mwingine? Okito akinisalimia sokoni, mimi napanga chupa zangu.

Docta Rémy akanipeleka kwenye mashini. Kwanza akauliza, "Mama, uko na chuma mu mwili? Risasi? Kipande ya bombe?" Ndugu zangu, mahali pengine swali hilo linajibiwa kwa ndiyo au hapana. Hapa Kindu mutu anavuta kiti, anaanza kuhadithia! Mimi sikuwa na chuma. Nikaingizwa ndani ya lile tundu, na kelele zake ni kama mafundi wa masufuria wamegombana.

Picha ikatoka. Mapaja meupe, yanang'aa! Binti yangu Bénie akapiga vigelegele, kwani kwetu mutu akishinda kesi, au akiponyoka ugonjwa, anapakwa udongo mweupe. Hatukungoja maelezo. Tukavuka mto, wakanipaka, tukachinja bata. Kesho yake docta akaniona nimepakwa hivyo hivyo, akajishika kichwa. "Mama, ku hii picha nyama muzima njo nyeusi. Kwenye inangaa, njo kwenye iko moto." Tulikuwa tumekula bata kwa heshima ya ugonjwa.

Nikamwambia ndiyo, ni moto wa mizigo ya vita. Akakataa. "Nyama yenye ilikufa zamani inageuka mafuta, picha inaonesha. Yako haiyakufa. Hii ugonjwa njo ya sasa: askari ya mwili yako wanapiga nyama yako." Askari wanaowapiga wale waliotumwa kuwalinda! Nani hapa Kindu asingeelewa haraka? Kikulacho ki nguoni mwako. Akakata kipande kidogo cha nyama pale palipong'aa, kikapimwa, kikasema vilevile. Nikapewa dawa. Picha ya pili weupe ukapungua, na leo mjukuu wangu amesukwa na mimi; mwangalieni kichwa, mistari imepinda, lakini ni mikono yangu.

Basi kwa nini sichezi ngoma? Mheshimiwa, wewe uliyesoma uniambie: mutu akinyang'anywa adui wake, hasira anaiweka wapi? Kila niliposhindwa kuinuka nilimtaja Okito. Sasa nikishindwa nimtaje nani, mwili wangu mwenyewe? Nimejaribu, hauingii mdomoni. Na Okito naye, amekuwa mutu mwema kwa sababu ya sumaku? Mashini ilipiga picha ya mapaja tu. Njia ya Lubutu haikuipiga. Nimevurugika, wapendwa, na sitawadanganya kwa sababu leo kuna utepe wa kukata.

Docta, nakushukuru kwa moyo wote. Mama Nicole, muuguzi uliyeishika miguu yangu nilipoogopa, Mungu akutunze. Nanyi wakubwa, mafuta ya jenereta yasikose, maana kuna wenzangu huko vijijini wanaoambiwa wamerogwa.

Okito, ndugu yangu, simama wakuone. Mbele ya Gavana nasema: miguu yangu hukuiharibu wewe, nimekosea kukutaja, na kesi hiyo nimekuondolea. Ile ya kidole chako bado. Jumapili hii, siku ya Mungu, uvuke, uje kwangu Alunguli, ukae, uniambie kwa nini ulikinyoosha kwangu. Salamu yako nitaiitikia. Zaidi ya hapo sijui, na sioni haya kusema sijui.

Wageni wetu, asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Na wewe, Okito, usilete mutu wa kukusemea.