Shukrani kwa Dada Tsigereda kwa Mfumo Usiomwaibisha Mama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Daktari wetu Mfawidhi, wazee, walimu wangu, wauguzi, kina mama mliokuja na watoto mgongoni, nawe mgeni wetu wa leo, Dada Tsigereda, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Bizunesh Handiso wa darasa la nane. Familia yangu imenituma kumuaga mtu aliyekuja hapa Kambaata kututengenezea mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za wagonjwa, ili daktari wa hapa na yule wa hospitali ya mjini wasome habari zilezile.

Mfumo ulikuwa mzuri tangu mwanzo, lakini ulifunguka kwa njia moja tu: jina la mgonjwa litajwe. Nawauliza kina mama, kwa mila yetu, nani kati yenu anaruhusiwa kulitamka jina la baba mkwe wake?

Babu yangu, Mzee Lambebo, ambaye mimi mjukuu naruhusiwa kumtaja, anaugua moyo. Siku moja alizidiwa, hata kusema hawezi. Mama akamleta hapa kliniki. Kaka Tamirat wa mapokezi akauliza, "Jina la mgonjwa?"

"Ni mzee wa nyumbani."

"Mama, nyumba ni nyingi. Jina!"

"Ni baba yake mume wangu."

"Jamani, kompyuta haimjui mumeo!"

Watu wakacheka. Kaka Tamirat, usiiname, tulishasameheana. Mama machozi yakamtoka. Sindano ilikuwa imeshaandaliwa Baba alipoingia mbio kutoka shambani na kulitaja jina. Kumbukumbu zilipofunguka, ikaonekana kwamba sindano hiyohiyo ndiyo inayomdhuru Babu.

Tangu hapo Mama aliona aibu kurudi. Baba akisafiri, Babu alikaa tu nyumbani, miguu ikivimba.

Ndipo Dada Tsigereda alipokuja kwetu. Mama alidhani amekuja kumgombeza. "Binti yangu, nisamehe, nimekuharibia kazi."

Dada akamshika mkono. "Hapana, Mama. Wewe ulimheshimu mzee wako. Mimi ndiye niliyetengeneza ukurasa bila kukuuliza mnaishije. Nielekeze."

Mama akacheka. "Mwenye kompyuta aelekezwe na mimi? Basi kula kwanza!"

Akala mkate wetu wa kocho, akanywa kahawa, akauliza na kuuliza tena, na alipoondoka Mama alimsindikiza hadi barabarani.

Siku hizi Kaka Tamirat huuliza kijiji na nyumba. Picha za watu wa nyumba hiyo hutokea, Mama huonyesha kwa kidole, na habari za Babu hufunguka pamoja na onyo jekundu la ile sindano. Hakuna anayecheka.

Mheshimiwa, tumesikia mfumo huu utapelekwa vituo vingine. Tunaomba watakaoupeleka waketi kwanza na kina mama wa huko. Nami nikimaliza shule, Mungu akipenda, ningependa kuifanya kazi hiyo.

Dada Tsigereda, Baba amesafiri tangu mwezi uliopita. Katika muda wote huo Mama ndiye aliyempeleka Babu kliniki, bila kumwomba jirani yeyote amsemee. Mtazame Babu pale kati ya wazee. Leo asubuhi miguu yake iliingia kwenye viatu, akaja kukuaga kwa kutembea mwenyewe.

Safari njema, Dada yetu. Nanyi nyote, asanteni sana kwa kunitegea sikio.