Mkono Ndani ya Tenga

Ndugu wanaushirika, leo tunachagua meneja. Kabla hamjanyoosha mikono, naomba niseme yaliyonikuta.

Baada ya Uhuru nilianza kununua mapichi kwa majirani na kuyateremsha Mombo kuwahi treni ya Tanga. Kila tenga niliingiza mkono hadi chini, maana, tusifichane, wapo kati yetu wanaopanga mazuri juu na mabovu chini. Wakulima wakauamini mkono wangu. Mzigo haukuondoka kabla sijaugusa.

Biashara ikakua. Nikapata lori na wapakiaji, nikaona siwezi peke yangu. Nikamwajiri meneja, kijana aliyesomea ushirika Moshi. Nikampa meza na funguo za ghala. Nawaambia, nilidhani nimemkabidhi kazi.

Akikataa tenga, mwenye tenga alikuja kwangu jioni. Shikamoo, habari za shamba, habari za watoto, kisha, kwa heshima ya Kisambaa: "Mghoshi, kijana wako hanijui." Nami, kwa haya ya kumnyima jirani, niliagiza lipokelewe. Ikawa desturi. Meneja akabaki mtu wa kusalimiwa tu.

Msimu mmoja, mapichi yakiwa yameiva kwa wingi, mama mkwe alifariki Rangwi. Tulipokwisha kuzika, mvua ikakata njia ya kurudi, nikakwama huko. Barabara ya Mombo ilikuwa nzima. Meneja akaamuru lori lipakiwe. Hakuinuka mtu. Dereva alimjibu, tena kwa upole: "Tunamngoja mwenye mkono."

Niliporudi nilipata harufu kabla sijaliona ghala. Maji ya mapichi yalikuwa yakitoka chini ya mlango. Mnunuzi wa Tanga akatafuta watu wengine. Wapakiaji nikawaachisha kazi, watu wenye watoto. Baadhi wakateremka Magoma kutafuta kibarua. Nikaacha kwenda ibadani, kwa sababu njiani ningekutana na wake zao. Mke wangu akipika, chakula kilipoa mbele yangu.

Meneja nilimkuta anafunga sanduku lake. Nikamwuliza kwa nini hakuwalazimisha.

"Mzee, wangenitii leo, kesho ungetengua amri yangu."

Nikamwomba abaki. Akakubali kwa sharti moja: nami nipange foleni kama mkulima yeyote.

Msimu uliofuata nikapeleka tenga la shamba langu. Akaingiza mkono hadi chini, akatoa pichi moja laini, akaligeuza. "Hili hapana, Mzee."

Wote walinitazama mimi, si yeye. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikajitwisha tenga langu, nikapanda nalo kilima. Nyuma yangu nikasikia aliyefuata ameanza kulichambua lake mwenyewe.

Namshukuru kijana yule. Namshukuru mke wangu, aliyewajibu waliokuja jioni: "Mambo ya matenga ni ghalani. Hapa kuna chai tu." Nawashukuru mliokunywa chai hiyo mkaenda zenu.

Lakini siwadanganyi. Soko la Tanga limerudi kidogo tu. Waliokwenda Magoma hawajarudi, na sitazamii warudi. Alfajiri lori hupita mlangoni kwangu bila kusimama. Bado nainuka kitandani, kisha nakaa.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja ajiulize: tenga lake likikataliwa, atalibeba? Kama hawezi, msimwite hapa mtoto wa watu aje kuwa meneja.