Arbia Nuh Kerrow (1979–2025), Muuguzi Aliyewafuata Watoto Kisimani

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Abdihafid Nuh, nyumbani Garissa, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025

Assalamu alaykum warahmatullah. Dada yetu tulimzika siku ileile aliyofariki, kama dini inavyotaka, na wengi wenu mlikuwapo. Wasifu huu umechelewa siku kumi na nane, na wauguzi wenzake walioomba uandikwe na uchapishwe wamekuwa wakiniuliza kulikoni. Sababu ni marehemu mwenyewe. Aliniachia sharti kwamba nisiusome mbele za watu mpaka nimtafute mama mmoja wa kijiji cha El Nunow aitwaye Osob, nimweleze kosa ambalo yeye Arbia alimtendea na nimwombee msamaha kwake. Akikataa, nisome vivyo hivyo, na niseme kwamba amekataa. Jibu la Osob ninalo, na nitalitoa mahali pake.

Marehemu Arbia alikuwa mtoto wa pili wa mzee Nuh Kerrow, mfanyabiashara wa ng'ombe, na mama yetu Maka, wa Bulla Iftin hapa Garissa. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama vya nusu ya mji huu. Hakuridhika. Akamhoji mama, akamhoji mkunga, akamsumbua mwalimu wa madrasa mpaka akamtafutia kalenda ya Kiislamu ya miaka ya nyuma. Jawabu likapatikana: siku ya tatu ya Idd, yaani 26 Agosti 1979. Baba alisema katika maisha yake yote mnadani hajaona mnunuzi mwenye maswali kama yale.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu kuanzia 1986 hadi 1993, kisha sekondari ya wasichana hapa mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Mwalimu wa biolojia alimwomba awaachie wenzake nao maswali mawili matatu. Mimi nilipita kwa baadhi ya walimu wake wa shule ya msingi miaka mitano baadaye, wakashangaa nilivyo kimya. Waliniuliza kama kweli tumezaliwa tumbo moja. Mwaka 1999 aliingia chuo cha uuguzi hapahapa Garissa, akahitimu 2002.

Alianza kazi mwaka 2003 katika wodi ya watoto, na kuanzia 2006 akahudumu katika kliniki moja ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Februari 2011 alipelekwa peke yake katika zahanati ya El Nunow, upande wa Diff. Barua ilisema muuguzi. Watu walimwita daktari, kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa mwendo wa siku nzima kwa lori. Yeye ndiye aliyepima, akatibu, akashona vidonda, akazalisha, na akaamua mtoto yupi apelekwe hospitali na yupi atapona palepale.

Mwezi wa kwanza walikuja watoto kumi na mmoja tu. Wengine wangesema wafugaji hawapendi dawa, wakaendelea kunywa chai. Arbia alitaka kujua watoto wako wapi. Akina mama wakamweleza kwamba kliniki ya watoto ni Jumatano, na ngamia hawaijui Jumatano. Wakati wa kiangazi, ngamia wa kila boma hunyweshwa kwa zamu, kila baada ya siku nane au tisa, na ni siku hiyo tu familia husogea karibu na kijiji. Basi akaachana na Jumatano. Kila asubuhi ya zamu alibeba mizani na kisanduku cha barafu chenye chanjo mpaka kisimani. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiona watoto zaidi ya mia mbili kwa mwezi.

Zamu hizo zilisimamiwa na mwendesha pampu, ndugu Warfa, aliyeko hapa nasi. Arbia alimhoji wiki tatu mfululizo: boma gani linanywesha lini, linatoka wapi, linaelekea wapi. Mwishowe Warfa akamwambia, "Daktari, umeniuliza yote isipokuwa kama nina mke." Walifunga ndoa Ijumaa tarehe 7 Desemba 2012, na Mungu akawajalia Ruqiya na Hanad.

Sasa nifike kwenye kosa. Majina ya watoto yalifanana mno. Ukiita Abdi, wanageuka wanane. Kadi za kliniki nazo zilipotea safarini. Arbia akabuni njia: kando ya jina la kila mtoto katika daftari la zahanati, alichora chapa ya ngamia wa kwao. Tulimsifu sana, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini sisi ni watoto wa mjini, ngamia tunamjua kwa maziwa yake. Hatukujua kwamba chapa si ya boma moja, ni ya ukoo mzima.

Agosti 2015 Osob alimleta binti yake Sahara, mwenye miezi kumi, achanjwe surua. Dozi zilikuwa chache. Arbia akatazama daftari, akamkuta Sahara, chapa ni hiyohiyo, amechanjwa. Osob akasema hapana, mtoto bado. Arbia akamwonyesha maandishi na kumwambia aende kwa amani. Surua ilifika Oktoba, na tarehe 19 mwezi huo mtoto wa Osob akafariki. Wiki mbili baadaye akaletwa Sahara mwingine, wa ukoo uleule, ambaye mama yake alisema alikwisha kuchanjwa surua, na hapo Arbia akaelewa kwamba maandishi yale yalikuwa ya huyu.

Dada yangu aliyehoji hata tarehe yake ya kuzaliwa, siku ile hakuuliza swali la pili. Mama alisema moja, daftari likasema jingine, akaliamini daftari. Tangu hapo aliandika jina la mama kwanza, kisha la mtoto, na mama akisema bado, mtoto alichanjwa bila mabishano, kwani dozi ya pili haimdhuru. Wauguzi wa vituo jirani walilichukua daftari lake kama mfano. Mara mbili alipewa nafasi ya kurudi hospitali kubwa, akakataa, nasi nyumbani tukadhani Warfa ndiye anayemzuia. Warfa, utusamehe.

Ila Osob mwenyewe, Arbia hakumwambia neno. Kwa nini? Nilimuuliza, akaniandikia kwamba aliogopa akina mama wangekikimbia kisima pamoja na chanjo zake. Labda ni kweli. Labda pia aliona haya. Mimi bado najiuliza, na nampenda vilevile.

Nasema aliniandikia kwa sababu alikuwa amepoteza sauti. Katikati ya 2023 chakula kilianza kumkwama, na Novemba mwaka huo akagunduliwa kuwa na saratani ya umio. Alitibiwa Garissa na Nairobi, na kila daktari aliyemwona alipewa karatasi ya maswali. Januari mwaka huu ndipo aliponiandikia habari za Osob, kurasa nne. Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa moja asubuhi, hapa nyumbani, akazikwa baada ya sala ya Adhuhuri.

Ameacha mume wake Warfa, watoto wake Ruqiya na Hanad, mama yetu Maka, kaka yetu mkubwa Nunow, dada yetu Ifrah, mimi, na zahanati ambayo hadi leo haijapata muuguzi mwingine.

Limebaki jibu. Osob alikuwa amehama na mifugo hadi upande wa Tarbaj. Mimi na Warfa tulimpata baada ya siku tisa. Nilimsomea kurasa zote nne. Alisikiliza, kisha akasema kwa Kisomali, nami nawaelezea wageni wetu kwa Kiswahili:

"Nilijua, walaal, ndugu yangu. Mama anajua mwanawe kama amechomwa sindano. Kosa lile nililisamehe siku niliyompelekea Ayanle, mdogo wake Sahara. Wewe ungempa mwanao mtu ambaye hujamsamehe? Lakini miaka minane tulisalimiana kisimani, akaniuliza habari za mbuzi, za mvua, za mgongo wangu, na hilo moja hakulitaja. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma."

Kisha akasema, "Na hilo nimelisamehe. Mwambie."

Nikamkumbusha kwamba Arbia tumeshamzika. Akasema anajua, lakini niende nikamwambie.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda kaburini, nikamwambia.

Mola ampokee dada yetu akiwa hana deni la mtu, na ampe amani ambayo karibu miaka kumi hii hakuwa nayo. Amin.